Starehe

Mtu anayekula akikwambia karibu
si lazima iwe karibu.
Hili nilifunzwa nina miaka kumi na mmoja,
kibarazani kwa Bi Asaa, Limbani, Wete,
nilipokaa kitako, nikanawa,
nikala mkate wake wa kumimina
hadi kona ya mwisho, kama mkate ule ungekuwa na kona.
Alisema karibu. Mara mbili. Nilihesabu.

Mama alinishika sikio njia nzima.
"Mtu hujibu *starehe*!"
"Starehe gani, Mama?"
"Starehe tu!"
Usiku akaniita: Shaame, karibu chakula.
Nikajibu starehe,
nikalala na njaa, nimeshiba adabu.

Tangu hapo nina daftari.
Ukurasa wa tatu: *nakuja* husemwa na mtu anayeondoka.
Ukurasa wa saba: *inshaallah* ikivutwa mwishoni, usisubiri.
Wa nane: harusi ya saa kumi ni ya saa kumi na mbili.
Nilikaa peke yangu na viti mia mbili vya plastiki,
vitatu vimevunjika mguu,
na sijapata kuifurahia harusi
kama zile saa mbili.

Kutoka kwetu hadi kazini, asubuhi,
kuna watu kumi na tisa wa kuamkiana nao.
Umeamkaje, salama, za nyumbani, nzuri, na Mama, mzima.
Siku Mama alipolazwa
Khatib kinyozi akauliza, na Mama?
Nikamweleza: sukari kumi na nane,
mkojo unatoka kwa mpira, choo bado.
Wembe ukamganda hewani,
na mteja chini yake, povu shavu moja, akasema
pole sana
kwa sauti ya mtu anayeomba aachiwe aende.

Wanasema nina kiburi, simtazami mtu usoni.
Nikikutazama macho, yakhe, maneno yako hunipotea.
Nikitazama gunia nakusikia
mpaka pumzi.

Mzani wa karafuu hauna maana ya pili.
Kilo arubaini na moja ni kilo arubaini na moja,
haiulizi za nyumbani.
Nikichota konzi nikaivunja sikioni
najua kwa mlio kama zimekauka,
au zilianikwa juzi zikanyeshewa zikafichwa chini.
Hapo hakuna anayesema nina kiburi.
Hapo husema, mwiteni Shaame.

Mize, dada yangu, hukata lebo za kanzu zangu kwa wembe
kabla ya kunipa. Hajawahi kuniuliza kwa nini.
Umeme ukikatika mtaa mzima huguna,
mimi peke yangu hupumua:
friji imenyamaza.

Mwaka jana daktari kutoka Unguja akanipa neno. Usonji.
Mama akauliza, linaambukiza?
La.
Linauma?
Nikajibu mimi: vigelegele vinauma. Neno haliumi.
"Basi twendeni," akasema, "nimeacha kunde motoni."
Njiani alilirudia taratibu, usonji, usonji,
kama anayejaribu kiatu
ambacho mtoto wake amekuwa akikivaa siku zote.

Jana nimepita kwa Bi Asaa.
Jicho moja lina mtoto, mkono unatetemeka,
mkate bado anaupika mwenyewe.
"Karibu, Shaame."
"Starehe," nikajibu, mbio, bila kusimama.
"Shaame! Hii ya kweli."
Nikasimama.
"Ya kweli kiasi gani?"
Akainua kisahani cha pili.

Nikakaa kitako. Nikanawa.
Yeye akatazama njia, nami nikatazama njia,
akapita mtu na baiskeli na kuku wawili,
hatukusema kitu juu ya kuku.
Nilipomeza nikamwambia hiliki imezidi.
Akatafuna. Akatafuna tena.
"Imezidi," akasema. "Wiki nzima wananisifia."
Akanikatia pande jingine.