Ameacha Mke

Maktaba ya mji huu wa shaba, kaskazini mwa Michigan,
iko juu ya kituo cha zimamoto.
Vidato kumi na tisa, na theluji ya Aprili
bado imeng'ang'ania dirishani.
"Nani, na lini?" ananiuliza Bi Trevarrow,
kama mkata tiketi,
kama kwamba marehemu nao huondoka kwa zamu.

Nani: Juho Kustaa Ylimäki, baba wa bibi yangu.
Lini: hilo ndilo nililolivukia bahari.
Kwetu Kauhava hana tarehe, ana tusi tu.
Alipanda meli mwaka wa saba wa karne ile,
akaahidi nauli kabla ya viazi kuchimbwa.
Viazi vikachimbwa.
Vikachimbwa tena.
Mkewe Eliina akageuza kiti kikatazama ukuta.
"Kamwacha mke," walinong'ona majirani ndani ya sauna,
nasi tukalirithishana neno lile
kama kijiko cha fedha.

Daftari la vifo la wilaya halimjui.
Nimepekua Y yote: majina manne,
mmoja mtoto mchanga, hajapewa hata la kwanza.
Nimepekua J, maana makarani wa zamani
waliandika walichosikia,
na walisikia walichotaka.

"Jina hilo lina maana gani?"
Bi Trevarrow anamenya chungwa juu ya gazeti la leo.
"Kilima. Kilima cha juu."
"Basi mtafute Hill. Hapa kila Mfini
aligeuzwa kilima cha Kiingereza siku ya mshahara."

Akina Hill ni thelathini na wanane.
John Hill peke yake, kumi na mmoja.
Mmoja homa ya matumbo, mmoja pombe,
mmoja ana miaka tisini, huyo si wangu.
Na mmoja:
*jiwe la dari, shimo la nne,
umri kama ishirini na tisa, mzaliwa wa Ufini,
wazazi hawajulikani,
mtoa taarifa: mwenye nyumba ya kupanga.*
Tarehe tatu Septemba, mwaka uleule.
Kabla ya viazi.

Sikulia. Nilijikanya:
maiti ya mwenzio usijitwalie.
Nikaomba gazeti la wachimbaji, lile la Kifini,
mkanda wake ukizungushwa kwa mkono,
mashine ikivuma kama nyuki kwenye chupa.
Bei ya siagi. Viatu vya wanaume. Tanzia, mistari minne:

*Juho Kustaa Y., wa Kauhava.
Alikuwa na siku kumi na saba kazini.
Ameacha mke, Eliina, na binti mmoja.
Wenzake wamechanga dola ishirini na mbili; atazipeleka anayerudi.*

Ameacha mke.
Neno ni lilelile, herufi kwa herufi,
tulilomtemea miaka themanini na kitu.
Tulimla nyama, yeye akiwa maiti tayari,
mezani, Krismasi, mbele ya watoto.
Bibi Saima alikwenda kaburini hajashiba nyama hiyo.
Tanzia yake niliiandika mimi.
Mstari wa baba niliuruka
kwa kumstahi.

"Ndiye?" aliuliza Bi Trevarrow.
Nilitikisa kichwa, akadhani nimekataa,
akaanza kuurudisha mkanda.
"Ndiye, ndiye," nikamshika mkono,
mkono unaonukia chungwa.

Nakala ni senti kumi. Nilichukua tatu.
Kisha nikaazima penseli.
Kwenye daftari langu, palipokuwa na alama ya kuuliza,
niliandika siku na mwezi.
Alama yenyewe sikuifuta.
Niliisogeza chini kidogo,
kwa yule aliyerudi na dola ishirini na mbili,
ambaye gazeti halikumtaja jina.