Kwenye Makonyo

Siku ya ishirini na moja koo alitoka uvunguni
na kumi nyuma yake, manjano na madoa,
wakijikwaa kizingitini kama watoto wa harusi
waliovalishwa viatu vipya.
Akawafunza palepale: chakura, rudi nyuma, tazama.
Wakachakura saruji tupu,
wakarudi nyuma, wakatazama.

Pakachani lilibaki moja.
Nikaligonga kwa ukucha: kimya.
Viza, nikasema. Sikulivunja, kwa kuogopa uvundo;
nikalitua uani juu ya makonyo
tuliyoyaanika tangu Jumatatu,
nilitupe shimoni nikimaliza kufua.
Nikafua. Nikasahau.

Mgeni ndiye aliyesikia.
Mgeni husikia maji bombani kabla hayajafika,
husikia pikipiki ya babake ingali Mtemani.
“Mama, makonyo yanalia.”
Nikamwambia ni chenene.
Nikamwambia ni jua, vitu vikavu hupasuka.
Akaja nalo viganjani: lina tundu,
na tunduni kijino,
kijino kimoja cheupe juu ya mdomo,
kinakwaruza, kinapumzika, kinakwaruza.

Miaka sita nyuma, hospitali ya Wete,
niliwekewa kifuani kitu chekundu,
kilo moja na robo, malaika mgongo mzima.
Mkwe wangu akachungulia, akairudisha kanga taratibu
kama anayefunika chungu cha mchuzi wa jana.
“Huyo mgeni tu,” akasema.
Jina likabaki.
Siku thelathini na nane nililala nimekaa,
nikihesabu pumzi ambazo si zangu,
na kila nikipotea hesabu
naanza tena na moja.

Sasa ganda limeachia.
Kiumbe kimelala kiganjani mwa Mgeni,
tope tupu, shingo kama haina mfupa,
kinanuka karafuu.
“Atakaa?”

Kunguru wanne wako juu ya bati, nimewaona.
Na koo huyu namjua:
asiyemtambua humdonoa jicho.
Mwaka jana nilizika wawili mgombani
nikamwambia mtoto wamehamia Konde.

“Mama, atakaa?”

Sikumjibu. Mikono yangu ilikuwa na povu;
nikaifuta, nikafungua kifungo cha juu cha gauni,
nikasema, lete.
Usiku tutamchomeka chini ya bawa.
Gizani koo hajui kuhesabu.