Mfupa wa Supu

Wodini Moshi, kitanda cha kumi na saba, mimi
Aikande, mwalimu wa hesabu, nahesabu:
safari za chooni tangu alfajiri, tisa,
na kila moja imesahihishwa kwa wino mwekundu
kama daftari la mtoto asiyesoma.

Utumbo niliuzoea. Miaka sita sasa
najua choo cha kila kanisa, cha kila benki,
cha lile duka la vitambaa nyuma ya soko
ambako mwenye duka hunipa ufunguo
kabla ya salamu.

Hiki cha pili ndicho kigeni.
Walinilaza ubavu, wakanitoboa nyonga.
Siku ya nne daktari kijana akaja
akivuta kiti, nikajua:
habari njema husemwa kwa kusimama.
"Uboho umeacha kutengeneza damu.
Tumekuta mafuta, na nafasi tupu."
Ni ile dawa ya tumbo? nikauliza.
Akasema, "Huenda." Akasema, "Huenda siyo."
Nilimpa alama zote.

Kaka yangu Kundaeli ni mtu wa mifongo,
huko Kibosho ndiye mgawa zamu za maji.
Alisikiliza, kofia magotini.
"Yaani mfereji unavuja, na huku juu
banio limekauka?
Sasa fundi aanze wapi?"

Hakuna aliyemjibu.
Akakunja mkono wa shati, akaenda kutoa chupa.

Damu yake ilinipa siku nane.
Siku ya tatu nilipanda ngazi bila kushika ukuta.
Siku ya sita fizi zikaanza tena
kutia ladha ya msumari kwenye chai.

Leo shangazi Ndekirwa kaja na supu,
fupa la paja la ng'ombe, limechemka usiku kucha.
"Kunywa, mwanangu. Mfupa hujenga mfupa."
Ningemweleza nini?
Nikanywa vijiko viwili.
Cha tatu kilikuwa cha heshima.

Kisha nikaliinua lile fupa dirishani,
uboho wake umeshayeyukia mchuzini,
nikachungulia kama mtoto na bua la mpapai:
tundu safi, mwanga mweupe,
na upande wa pili jicho la shangazi,
limelowa,
linachungulia pia.