Bado, Shangazi

Jagna ana miaka kumi na minne na masikio ya popo.
Anakuja Jumamosi, buti zimejaa theluji ya Łódź,
anauliza hata kabla ya salamu:
"Nani anapiga filimbi humu ndani?"

Hakuna anayepiga filimbi.
Kuna mimi, Halszka, na chuma cha solda kinachofuka,
na moduli ya mwangwi niliyoikeshea siku tisa
nikajidai imenyamaza.

Kwangu kweli ilikuwa imenyamaza.
Miaka ishirini na miwili nilisimama kati ya mashine za kusokota
katika kiwanda cha matofali mekundu ng'ambo ya reli ya tramu.
Kiwanda kilifungwa, mashine zikauzwa kwa kilo,
lakini zile sauti nyembamba, za juu kabisa,
hawakunirudishia.

Namweleza ninavyoelewa mimi:
ndani ya chipu hii mna foleni ya ndoo,
elfu nne na tisini na sita.
Sauti inaingia ikiwa maji. Wa kwanza anampa wa pili,
wa pili wa tatu, hakuna anayekunywa,
hakuna anayeuliza moto uko wapi,
na yakifika mwisho yamechelewa. Huo ndio mwangwi.
Ila foleni haiendi bila mnyapara.
Saa ndiye mnyapara. Pokea! Toa! Pokea! Toa!
mara elfu kumi kwa sekunde,
na ukelele wake unadondokea majini,
kila ndoo tone.
Haba na haba. Unachosikia, Jagna, ni kibaba chake.

"Si umfukuze," anasema, kinywa kimejaa keki.

Akiondoka yeye, maji yanasimama.
Nimeshamwekea chujio la kuingilia na mawili ya kutokea;
nimetenga waya wake wa ardhi na ule wa sauti
kama ndugu waliogombea nyumba;
nimemfunika kwa bati la kopo la samaki.
Nikikaza machujio zaidi, fidla inakuwa
mtu anayesema chini ya blanketi.

Imebaki skrubu moja, ndogo kama punje ya mtama.
Foleni ina midomo miwili ya kumwagia:
kwa huu mnyapara anapanda, kwa ule anashuka,
na ukiilinganisha sawasawa, kelele inajila yenyewe.
Dawa ya moto ni moto.
Lakini oskiloskopu niliiuza Machi, kulipa gesi,
na moto wenyewe siusikii.

Basi anakaa kwenye kigoda, amefumba macho,
nami nageuza bisibisi kwa upana wa unywele.
"Bado, shangazi."
Unywele.
"Bado."
Maikrofoni niliiacha wazi, mashine inamdaka:
bado, bado, bado, ba
kila mara na ukungu zaidi,
kama vile ndiyo inayonihimiza, si yeye.
Unywele.
Sasa hasemi kitu. Ameinua kidole tu.
Dirishani tramu inapita na hata hiyo
naona inapita kwa adabu.

Kisha, mtoto ni mtoto, anashika kifundo cha muda
akizungushe hadi mwisho.
Mnyapara anapunguza mwendo. Ukelele wake unashuka,
ngazi kwa ngazi, kwani hakuna skrubu inayomziba pote,
unashuka mpaka sakafu ninayoishi mimi,
na ghafla nausikia: mwembamba, mkavu,
kama uzi unaopita kwenye jino.

"Ndiye huyu?"
"Ndiye," anasema Jagna. "Ila huko juu alikuwa mzuri zaidi."

Nachukua rangi ya kucha, naweka nukta nyekundu
kwenye vifundo vya moduli sita za wateja:
wasivuke hapa.
Hii ya saba, yangu,
siiwekei nukta.