Kamba ya Kiatu

Mkono wangu ulikuwa mfupi.
Tromboni haina vitufe, ina mtelezo na vituo saba,
na mie, miaka tisa, mtoto wa Limbani,
cha tano nilikifikia, cha sita kwa kulaza bega,
cha saba nilikitazama tu kama shokishoki la jirani.

Maalim Shaame hakusema kitu.
Akainama, akavua kamba ya kiatu chake,
akaifunga kwenye kono la mtelezo.
"Uachie uende, ntoto, kisha uvute.
Sauti haiulizi ulifika kwa mkono au kwa hila."

Yeye kaanzia Kengeja, mchezo wa ng'ombe,
zumari ya mjomba wake ikimtia fahali wazimu
na watu wazima wakiparamia minazi.
Kisha beni ya polisi, Ziwani: vifungo vya shaba,
magwaride miaka kumi na moja,
"nikitembea kwa mguu wa mtu mwengine."
Usiku, redio chini ya mto ili koplo asisikie,
jazi ikitoka mbali, ikikwaruza, ikizama, ikiibuka,
na yeye amelala chali, mkono wa kulia
ukienda na kurudi gizani juu ya shuka.

Akaacha kazi. Mama yake alilia siku tatu.
Mombasa, kisha Hamburgi, klabu ya chini ya ardhi,
ngazi kumi na tisa; mchana akipakua samaki.
Santuri moja ilitoka. Jina lake wamelikosea,
a moja imedondoka; Wazungu walicheka,
sababu akaijua baadaye, hakutaka kutueleza.

Hayo alitusimulia kwa mafungu,
huku akisuuza vipulizio kwa maji ya chumvi.
Lakini barafu ya Februari, ngazi ya kumi na nne,
ilichukua meno mawili ya mbele,
na pengo tuliliona wenyewe kila alipocheka.
Mpiga tromboni bila meno ya mbele
ni kinyozi aliyekatwa vidole. Akarudi Wete.

Stoo ya skuli, madawati yaliyovunjika,
tromboni mbili, watoto kumi na wanne,
wengine tukipuliza mabomba ya maji.
Sheha alikuja: makelele, Maalim, kama ndama anachinjwa!
Maalim akamvutia kiti.
"Ndama huyo ni bintiyo. Mpe mwaka."
Sheha akakaa mpaka adhana.

Piano, alisema, ni nyumba ya vyumba,
kila noti na mlango wake, kila mlango na kitasa.
Hili bomba halina ukuta. Baina ya noti na noti
kuna kichochoro; taarabu hupita humo,
jazi hupita humo, na ni chembamba,
lazima mmoja ampishe mwenziwe.
Na pigo? "Ukiitwa na mtu mnayependana
hukurupuki. Unaitika, unafunga kitambaa,
ndio unatoka. Pigo nalo liitikie hivyo."

Mkono ulikua, kamba ikabaki.
Mjini, kwenye mtihani, mtahini akauliza ni ya nini.
Nikasema, imesahauliwa.
Nikapiga, akaandika, nikafaulu.
Nilimpigia Maalim simu; alinyamaza mno,
kisha akauliza kama mtelezo nimeupaka mafuta.

Kafa mwaka juzi, karafuu zimeanikwa mpaka barabarani,
jeneza likapita ukingoni ili tusizikanyage.
Stoo sasa ni yangu. Popo ni wale wale.

Jumanne kaja mtoto, Mgeni Faki,
ulimi nje, bega limelala, macho kwenye kituo cha saba.
Nikaishika ile kamba kumwonyesha. Ikakatika, imeoza.
Nikainama, nikavua ya kiatu changu.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya Bopwe,
kiatu kimoja kikinifuata, pwata, pwata,
nyuma kidogo ya pigo.