Saa Tisa, Chumba cha Giza

Dundee, Januari. Senga Rattray amejifungia,
anasubiri filamu inywe dawa.
Nje, upepo wa mto Tay unachokonoa jengo;
humu kuna taa moja tu, nyekundu
kama jicho la mtu aliyekesha.

Dereva wa teksi akimuuliza kazi yake, husema:
"Nasikiliza seli zikinong'onezana."
Dereva hucheka. Lakini ndivyo.
Mlangoni pa seli hufika neno: kua.
Kinasi wa kwanza humbandika jirani fosfati moja,
ndugu ya ule unga mwekundu ubavuni mwa kiberiti,
na jirani huamka, humbandika mwingine,
mkono hadi mkono mpaka kwenye kiini.
Huko kurasa hufunuliwa, seli hugawanyika,
kidonda cha goti la mtoto huziba.
Halafu huja wa kubandua.
Huyu hana sifa. Hubandua, hubandua,
mpaka nyumba ilale.

Bibi yake alifuma magunia ya juti kiwandani
miaka thelathini na minne. Alizoea kusema:
mashine ikikataa kwenda ni hasara,
ikikataa kusimama ni msiba.
Siku swichi iliponasa, kitambaa kilitoka tu,
yadi juu ya yadi, hakuna aliyekiagiza,
kikawafika wanawake magotini.

Ndani ya damu ya Struan, mdogo wake,
kromosomu mbili zilivunjika, zikaungwa vibaya,
akazaliwa kinasi asiyejua kunyamaza.
Kua, anasema. Kua.
Na mlangoni hakuna aliyebisha.
Chembe nyeupe zikafurika;
Struan akawa anapumzika katikati ya ngazi zake mwenyewe.

Akapewa kidonge. Kimoja, baada ya uji wa shayiri.
Huingia katika kishimo ambamo kinasi hupokelea fosfati,
hukaa humo, kama kijiti ndani ya tundu la kufuli.
Miaka miwili ya amani.
Mwezi uliopita hesabu zikapanda, kidogo.
Kishimo kimegeuka umbo, alisema daktari,
kwa herufi moja.

Kengele. Senga anainua filamu, inachuruzika.
Safu ya kwanza: mstari mweusi, mzito.
Ya pili, vilevile.
Ya tatu, ya kile kidonge kipya kisicho na jina, namba tu—
anaisogeza kwenye taa,
anafuta miwani kwa pindo la koti,
anaangalia tena.

Kijivu.
Si tupu. Kijivu.

Anaandika daftarini kwa penseli:
tarehe, saa, kijivu.
Kisha anakaa. Hazimi taa.