Inayolia

Pikipiki ya marehemu Ambakisye ililetwa ikisukumwa,
pistoni imeganda kama ugali wa jana.
Mjane wake hakulia. Aliuliza bei.

Nikapangusa meza kwa kiwiko, nikaweka mota mbili.

Hii, nikasema, hukaa ndani ya ringi.
Haina cheni, haina grisi, haina kelele;
utapita Uyole saa kumi alfajiri
na mbwa asinyanyue hata sikio.
Ile hukaa pale pale palipokuwa na injini,
huvuta sproketi,
hulia, huchafua sketi,
na masika yakiingia hudai matunzo.

Tusekile akainyanyua ya kwanza kama anayepima kabichi.
"Nzito."
Nzito, na uzito wote uko kwenye gurudumu;
kila shimo la Igawilo litaanza nayo.

Unabeba nini?
"Maziwa. Madumu manne, Isongole mpaka Mwanjelwa."
Huo mteremko, hata baiskeli ingefika. Na kurudi?
"Narudi na pumba. Magunia mawili."
Hapo penseli yangu ikasimama.

Tukapakia pumba kwenye pikipiki yangu, yenye mota ya ringini,
tukaukabili mlima wa Uporoto, ukungu mpaka magotini.
Ilipanda. Haikukoroma, haikutetemeka,
ilipanda kimya kama mtu anayekwenda kanisani amechelewa.
Kona ya tatu nikasimama, nikagusa kitovu cha gurudumu:
kikaango.
Harufu ya vanishi ya koili ikatoka,
tamu kidogo, kama kitu kinachoharibika.

"Mbona haikusema?"
Haisemi, mama. Itasema siku nyaya zikiungua.

Akafunga khanga upya, akautazama ukungu.
Lori la viazi likapita, likatupigia honi, likapotea.
"Ambakisye naye hakusema.
Miezi saba. Baridi tu ya huku, anasema. Mafua tu."

Kisha, kwa sauti ya mtu anayenunua chumvi:
"Nifungie inayolia."

Nikamfungia. Meno kumi na manne mbele,
hamsini na mawili nyuma; mwendo wa taratibu, lakini mlima unakubali.

Siku hizi saa kumi na moja namsikia kabla sijafungua dirisha.
Jana cheni ilikuwa na neno jipya,
tak, tak, kila mzunguko mmoja.
Alipoegesha, spana namba kumi na saba
ilikuwa tayari mkononi mwangu.